Wanawake Waliotwanga Paa

Pale Kindu, mashariki mwa Kongo, ukitaka kujua nani kapaka lipu ukuta fulani, huna haja ya kumuuliza jirani. Tazama ukuta wenyewe. Ukiona mawimbi madogo yanayopandana, mtu kapitisha kiganja kitupu badala ya mwiko, basi huyo ni Safi binti Asumani. Mwiko anao, tena mzuri, lakini anautumia kuchotea tu. Husema chuma hakisikii ukuta unapotaka kushika na unapotaka kuanguka, na mkono unasikia. Mafundi wanaume wa mjini walimcheka tangu akiwa msichana. Mvua za mwaka wa pili zikija, kuta zao zinabanduka na zake zimesimama, kwa hiyo siku hizi wamechoka kucheka.

Huyu Safi alikuwa na ndugu. Ndugu mwenyewe hakuzaliwa tumbo moja naye. Safi alipokuwa msichana wa kubeba watoto mgongoni, mama yake alizika kichanga, na siku zilezile nyumba ya jirani ikazika mama na kubaki na kichanga. Wazee hawakujadiliana sana. Mtoto aliletwa, akawekwa kifuani, akanyonya. Ndivyo Djamali alivyokuwa ndugu wa ziwa wa Safi, na kwa Waislamu wa Kindu udugu huo si maneno ya heshima tu. Hawezi kumuoa, Safi hana haja ya kujisitiri mbele yake, na siku Safi akifa yeye anaruhusiwa kushuka kaburini kumpokea.

Safi alimlea kama doli. Alimfuta kamasi, alimwibia ndizi za kukaanga, alipigana na wavulana wakubwa kwa ajili yake. Djamali naye alikuwa mtoto wa kupendwa, mwenye maneno matamu na macho ya kuomba. Wapo watu wanaopendwa mapema mno, wakakua bila kujua kwamba wengine nao wanaumia.

Vita vilipoingia, mwaka wa tisini na nane, waasi walishika mji, Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji, wakashika msitu, na wenyeji wakabaki katikati wakisikiliza nani anapiga nani. Treni ilinyamaza. Chumvi ikawa kitu cha kuletwa na ndege. Simenti ndiyo usiseme. Lakini mvua haikujua kwamba kuna vita. Ilinyesha kama kawaida yake, na kuta za udongo zilizotobolewa kwa risasi zikaanza kuyeyuka juu ya watu.

Djamali wakati huo alikuwa mlinzi wa bohari ya kampuni moja ya zamani ya pamba, ambayo wenyewe walikwisha kuondoka. Pamba haikuwemo tena. Mlikuwa na mabamba ya kuezekea, ya kijivu, yenye mawimbi, mazito, yamepangwa mpaka darini. Siku moja akaja kwa Safi na kipande mkononi, akasimama nje ya ua.

“Yaya, ona hii,” akasema. Yaya ndilo jina alilomwitia dada yake huyo tangu alipojua kusema. “Hii iko simenti tupu. Mukiitwanga, itarudia simenti.”

Msomaji asicheke. Katika mji ambao muhogo mkavu unakuwa unga kwa mchi, na mchele unatoka kwenye maganda yake kwa mchi, wazo hilo lilikuwa na akili. Kila kitu kigumu walichokijua kilishindwa na kinu. Safi alijaribu. Unga wenyewe haukushika kama simenti, hapana, lakini alipouchanganya na udongo mweupe wa ukingo wa Lualaba na majivu kidogo, ulishika vizuri kuliko alivyotazamia. Ulikuwa na nyuzinyuzi ndani yake, na nyuzi hizo ziliushikilia ukuta kana kwamba umeota mizizi.

Akawaita wanawake. Wa kwanza alikuwa Latifa, jirani yake na rika lake, mwenye sauti ya kuimbisha na mdomo usioogopa mtu. Walitwanga uani, vinu vikipokezana, na Latifa akiwatungia waasi nyimbo ambazo wangezisikia, angepigwa risasi. Vumbi lilipanda, likawatulia kwenye nywele na kope, wakachekana kwamba wamezeeka kabla ya wajukuu. Safi alitwanga na bintiye Malaika mgongoni, kitoto kichanga kilicholala kwa mdundo wa mchi. Djamali aliwalipa kwa chumvi. Wakati ule, mama aliyerudi nyumbani na kikombe cha chumvi alirudi kama bibi harusi.

Na jinsi walivyomsifu Djamali! Wanaume wengine wakija ua wa wanawake wanajisukuma ndani, wanakaa, wanaangalia wasichopewa. Yeye hakuvuka ua hata siku moja. Alisimama barabarani, akasalimu, akaomba magunia yanyunyiziwe maji kabla ya kutolewa, akaenda zake.

“Ule ndugu yako iko na adabu,” Latifa alimwambia Safi. “Lakini simenti gani inaogeshwa? Mi sijaona.”

“Asema njo dawa yake, isipeperuke,” Safi akajibu, na moyo ukajaa fahari.

Unga ule ukaenda mjini kote. Kwanza walifunika matundu ya risasi, kisha watu wakaonja weupe. Nyumba ya udongo ilipopakwa, ilionekana ya mtu mkubwa. Kila mwenye nyumba kwenye avenyu yao alitaka nyeupe, na Safi alipaka mpaka viganja vikachunika. Alipaka nyumba yake. Alipaka ya Latifa. Alipaka shule ya msingi ya mtaa, darasa kwa darasa, bila kudai kitu, kwa sababu watoto walikuwa wanasoma huku wanachungulia barabara kupitia ukutani.

Vita vikaisha kama vilivyoisha. Treni ikarudi, kwa mapenzi yake, lakini ikarudi, na simenti ya kweli ikaja. Vinu vikarudia muhogo. Djamali alifanya biashara ya vifaa vya ujenzi, akafanikiwa, akaenda Maka, akarudi Haji Djamali, mkubwa wa kamati ya wajenzi. Malaika alisoma katika yale madarasa meupe, akakua, akawa mwalimu humo humo. Chaki zilipokuwa zinaisha kabla ya mwisho wa mwezi, watoto walibandua vipande vya lipu ukutani wakaandikia ubaoni. Viliandika vizuri tu. Malaika aliona, akawaacha.

Ndipo kifua cha Latifa kilipoanza. Kwanza alikohoa, kikohozi kikavu kisicho na kazi. Wakamtibu kifua kikuu, akamaliza dawa zote, hakupona. Wakamtibu tena. Mwanamke aliyekuwa akiimbisha ua mzima sasa alikuwa anapumzika katikati ya sentensi. Kutoka kitandani hadi jikoni ilikuwa safari, na watu wenye midomo wakaanza kusema karogwa. Safi alimpelekea uji kila asubuhi, akamlaza juu ya mito, akawasema waganga kwa hasira. Mwenyewe naye alikuwa na pumzi fupi, lakini alisema ni umri.

Mwaka huu walikuja watu wa mradi wa kuondoa sumu katika vifaa vya ujenzi. Mkubwa wao alikuwa Joël, kijana mpole, mhandisi, anayesikiliza kabla ya kujibu. Waliitisha mkutano uwanjani pa shule, na Safi akaenda akiwa amemshika Latifa mkono, kwa sababu walitangaza kwamba daktari atakuwepo. Haji Djamali alikaa mbele, kwenye kiti cha mikono, kofia nyeupe.

Joël alinyanyua kipande cha bamba la kijivu kilichofungwa ndani ya plastiki. “Baba na mama, ndani ya hii kintu kuko amianti,” akasema. “Wengine wanaiita asbesto. Bamba ikiwa nzima juu ya nyumba, haina mbaya sana. Mubaya ni pusiere, vumbi yake. Ukivunja, ukikata, ukitwanga, nyuzi zake zinaingia mu kifua, hazitoki tena. Ugonjwa unakuja nyuma ya miaka mingi. Hatutaki tena mabamba ya namna hii yaingie hapa. Na ya zamani, tutayalowesha, tutayatoa polepole, tutayazika. Tunasikia tena kuko kuta zenye zilipakwa na ule unga. Tunatafuta kujua ni zipi.”

Kwanza Safi hakuelewa. Kisha akahisi mkono wa Latifa ukikaza ndani ya wake. Nao wawili walitazama mbele, kwa Djamali, wakingoja aseme. Safi hata alimwonea huruma, wallahi. Alifikiri: maskini, naye amesikia leo kama sisi.

Djamali akasimama, akasafisha koo.

“Mimi nilikuwa mulinzi pa ile bohari,” akasema. “Ni ya kusikitisha. Wamama walikuwa wanaruka ukuta na kuiba ile mabamba, wanaenda kutwanga. Ilikuwa mawazo yao. Niliwafukuza, nikawakataza. Lakini vita, nilikuwa peke yangu, ningefanya nini? Wengine wako hapa. Mungu awasamehe.”

Na akakaa. Hakumtazama Safi. Lakini watu wengine wote walimtazama Safi, kwa sababu kuta zake zilikuwa zimejaa mji na mikono yake ilijulikana. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mapajani akasonya kwa sauti. Safi akamwinua Latifa. Wakaondoka taratibu kama walioiba kweli.

Alimlaza mwenzake, akaenda moja kwa moja kwa Djamali. Ilikuwa baada ya alasiri. Alimkuta barazani anakunywa chai, na Djamali alipomwona akaamrisha kikombe cha pili, mtu hodari kabisa.

“Mi sikai,” Safi akasema. “Uliniambia wewe. Ulileta mwenyewe. Juu ya nini unasema tuliiba?”

“Yaya, keti. Ile ni maneno ya mukutano tu. Hawakufungi juu ya hiyo.”

“Ulijua?”

Djamali alizungusha kikombe. Safi akamjua, kama alivyomjua utotoni akiwa kaficha kitu mdomoni.

“Mukubwa wa bohari aliniambia mbele ya kuenda,” Djamali akasema. “Alisema, ile mabamba usivunje, pusiere yake inauwa. Inauwa polepole. Sasa, yaya, polepole ni nini? Ni kesho. Na sisi wakati ule hatukukuwa na kesho. Kila siku tulikuwa tunafikiri tutakufa jioni. Na mulikula chumvi, ama hamukukula?”

“Tulikula.”

“Basi.”

“Na wewe, ulikuwa na kesho?” Safi akauliza, na hapo, palepale, alimwona tena kijana yule amesimama barabarani, gunia limelowa, uso kaugeuza. “Mi ni dada yako. Kuingia kwangu hukukatazwa hata na sheria ya Mungu. Ulisimama inje ya lupango, barabarani, miaka yote ile, tunakusifu adabu. Ulikuwa unaogopa pusiere. Mutoto wangu alikuwa mu mugongo, Djamali. Ulikuwa unamwona.”

Djamali alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa tena mfanyabiashara. Akasogeza kiti, akashusha sauti.

“Sikiliza. Hawajui kuta ni zipi. Ulipaka mbele ya vita, ulipaka nyuma ya vita, zote zinafanana. Muntu wa kujua ni wewe. Sema umesahau, umezeeka. Watakaa kidogo, watarudi kwao. Ukionyesha ukuta moja tu, njo wewe uliyeua wantu. Watoto wao watakuonyesha kidole mpaka kaburini. Ninakuhurumia mi, yaya.”

Lililomchoma Safi zaidi ya yote ni kwamba Djamali alikuwa anasema kweli. Alimtengenezea kosa, sasa anamkabidhi kulificha. Akinyamaza, wote wawili wako salama; akisema, anazama peke yake. Alikiacha kikombe pale kinafuka, akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote maishani.

Njiani alipita shuleni. Malaika alikuwa anafagia darasa, na vumbi jeupe lilikuwa limekaa chini ya ukuta wa watoto wadogo, pale wanapokwangua. Safi alimpokonya ufagio kwa nguvu, binti akashangaa.

“Mama, ni nini?”

“Usifagie kavu. Mwaga maji. Mwaga maji kwanza!” Akakaa kwenye dawati la mtoto, lisilomtosha, akamweleza bintiye yote, ya bohari, ya chumvi, ya mgongo. Malaika alisikiliza, mkono ukiwa kifuani pake mwenyewe. Alisema tu, “Wanaandika nayo. Wengine wanailamba.”

Latifa, alipoambiwa, alikawia kujibu kwa sababu pumzi haikuwepo. “Uonyeshe,” akasema. Akapumzika. “Zote. Na yangu.” Akapumzika tena. “Wakikuita mwizi, sema tulikuwa wawili.”

Asubuhi Safi alivaa kitenge chake cha sherehe, kwa maana alikataa kuaibishwa akiwa na nguo za kazi, akaenda kwa Joël. “Nitakuonyesha kuta,” akasema. “Lakini usinipeleke kwa gari. Nataka kutembea.”

Walitembea, na watu wakawafuata, kwanza watoto, halafu mtaa mzima. Safi aliweka kiganja juu ya ukuta na kusema, hii, na Joël akachora alama kwa rangi nyekundu, kisha akaeleza wenye nyumba: msikwangue, msitoboe, tutalowesha na kufunika. Hii. Hii. Hii hapana, hii ni ya mbele ya vita. Hii. Wengine walimshukuru kwa midomo mikavu. Wengine walimwita kwa majina ambayo hayaandikwi. Baba mmoja aliyemzika mkewe kwa kikohozi alimtemea mate miguuni, na Safi akasimama akangoja amalize. Kwa Latifa aliweka kiganja, kwake mwenyewe akaweka. Shuleni aliweka darasa kwa darasa, na Joël akaanza palepale kufunga milango kwa plastiki. Malaika akawatoa watoto na mikoba yao uwanjani. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa mto, meusi.

Haji Djamali alikuwa amejiunga na msafara kama mkubwa wa kamati, anatikisa kichwa kwa masikitiko kila alama ilipochorwa. Walipofika mbele ya nyumba yake mwenyewe, mwishoni mwa avenyu, alitangulia kabla hajaulizwa.

“Na hii pia aliipaka yeye,” akawaambia watu. “Mwaka ule ule wa vita. Ona, na mimi niko mwenye kuumizwa kama ninyi.”

Joël alimtazama Safi. Safi akaweka kiganja ukutani. Rangi ya duka ilikuwa juu, rangi mpya ya krimu, lakini chini yake mawimbi yalikuwa yake. Aliyakumbuka. Alikumbuka ombi pia, ambalo wakati ule alidhani ni unyenyekevu wa kijana asiyependa makuu.

“Ni kweli, mi njo nilipaka, na ni mu vita,” akasema. “Lakini hii usitie alama. Hii iko safi.”

“Namna gani?” Joël akauliza.

“Avenyu yote ilitaka nyeupe. Yeye aliniambia: yaya, kwangu utie udongo tupu, ule mwekundu, usichanganye kintu.”

Joël alilowesha pembe ya ukuta, akakwangua kidogo sana. Udongo mwekundu ukatoka. Yule baba aliyetema mate aliutazama ule wekundu, akamtazama Haji, akautazama tena. Djamali akarudi nyuma mpaka mlangoni pake.

Matone ya kwanza yakaanguka. Malaika alikuwa amekuja nyuma na watoto wa darasa lake, wamejibana chini ya mikoba. “Nitawapeleka wapi?” akauliza, na Joël akageuka kuitazama avenyu, alama nyekundu kila nyumba.

“Fungua mulango,” Safi akamwambia Djamali.

“Yaya…”

“Fungua. Katika hii avenyu, nyumba ya kukalisha watoto ni yako peke yake.”

Akafungua. Watoto wakaingia na matope yao, wakakaa sakafuni kwenye sebule ya Haji, juu ya mikeka yake mizuri, wakaegemeza migongo ukutani kama walivyozoea. Mmoja akaanza kukwangua kwa kucha, kwa mazoea tu, na Malaika hakumkataza. Safi alisimama mlangoni akiutazama ukuta ule, kazi ya mikono yake, kazi moja tu ya miaka ile yote isiyomdhuru mtu, nayo hakuifanya kwa akili yake, bali kwa agizo la aliyejua. Hapo ndipo alipolia, mbele ya wote, bila kujifunika uso.